Shajara ya riwaya ya kimbunga: Rajabu hadi Mfunguo Sita

Rajabu

Sehemu ya kwanza imekwisha kuandikwa kwa mkono, na nyingi yake imeshaingia kwenye kompyuta. Kwa anayefika sasa hivi: riwaya inaanza Unguja tarehe 15 Aprili 1872, siku ya kimbunga kikubwa, chini ya miaka miwili tangu Seyyid Barghash akalie kiti cha usultani. Faida ni msichana mtumwa katika shamba la mikarafuu. Linapokuchwa jua la siku ile, shamba zima limelala chini. Bwana wake hana tena cha kuchuma Unguja, lakini ana ndugu Pemba, na Pemba upepo ule haukuidhuru sana. Faida anavushwa, na kitabu kilichobaki chote ni Pemba.

Kimbunga kile ndicho kilichonifanya nianze kuandika. Mkarafuu ukianguka leo huupati mwingine mwakani. Mche unataka miaka sita hadi minane ndipo uzae vya maana. Bei ikapanda, wenye mashamba Pemba wakazidi kupanda, na kisiwa kilichokuwa kikisifika kwa mpunga kikawa kisiwa cha karafuu. Kazi yote ile ilifanywa na watumwa. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Yaani watu wa kazi walitakiwa zaidi Pemba wakati ule ule mlango ulipokuwa unafungwa, na magendo yakashamiri. Mimi nakaa Wete. Kila Julai mji mzima unanukia karafuu, na harufu ile imeletwa na upepo wa siku moja. Nataka watoto wangu walijue jambo hilo, na wajue limelipiwa na nani.

Nyumbani tuko wengi: mimi na mume wangu, watoto watatu, mama mkwe na baba mkwe. Asubuhi nasomesha skuli, mchana watoto wanatoka skuli wanakwenda chuoni kusoma Kurani, jioni kuna jiko. Nimesoma nasaha nyingi za waandishi, na karibu zote zinasema andika kila siku, japo ukurasa. Nimeufikiria sana mwaka wa nyumba yetu na nimeona nasaha hiyo haituhusu. Nyumba ya Pemba haina siku zinazofanana. Ina Ramadhani, ina masika, ina mitihani, ina karafuu, na kila kimoja kinadai watu wote. Kwa hiyo mwaka huu sijipangii saa za kuandika, najipangia misimu. Kiangazi hiki ni cha kuandika mbio mbio, kwa sababu jioni ni ndefu na nguo zinakauka siku hiyo hiyo.

Shaabani

Nimeipitia sura ya pili nzima kwa ajili ya nguo tu. Faida hawezi kuvaa kanga yenye jina, wala haiwezekani kabisa. Mwaka 1872 watu wa kawaida wakijifunga kaniki na merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichokuwa kikiletwa na meli za Marekani. Maneno kwenye kanga yamekuja baadaye sana. Nilikuwa na mahali ambapo bibi mmoja anamsema mke mwenziwe kwa kanga. Imebidi maneno yale ayaseme kwa kinywa chake, na mazungumzo yamekuwa makali zaidi. Sarafu nazo nimezipanga: riale za fedha zenye sura ya Maria Theresa kwa mambo makubwa, na pesa za shaba kwa sokoni.

Nimeanza kofia ya viua ya mwanangu wa kati, anaitaka kwa Idd. Hii ndiyo starehe yangu tangu usichana. Unachora mapambo kwa penseli kwenye bafta nyeupe, unatoboa, halafu kila tobo unalizungushia uzi pande zote mpaka lisimame wazi, duara, halijakunjamana. Kisha la pili. Ukivuta uzi kwa nguvu kitambaa kinajikunja, ukilegeza tobo linaziba. Kofia moja inakula miezi. Mama mkwe, ambaye amezishona nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, huchukua kazi yangu, akaipeleka kwenye taa, akaitazama kwa nyuma. Mbele hapatazami kabisa.

Asumini mbili za uani zimeshika vizuri. Mrehani unataka kupunguzwa.

Ramadhani

Mwezi huu siandiki. Nilishaamua tangu Rajabu, kwa hiyo moyo umetulia. Mchana skuli, alasiri jikoni, baada ya tarawehe nashona na watoto wanadurusu. Kofia inakwenda.

Lakini limetokea jambo kubwa kwa riwaya, na limetoka kwa mwanangu mkubwa. Tulikuwa tunasubiri adhana, muhogo wa nazi umeshapakuliwa, akaniuliza Faida alifunga mwezi gani. Nikamwambia Ramadhani. Akasema, "Najua mama, lakini Ramadhani yao ilikuwa masika au vuli?" Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani inazunguka misimu yote kwa miaka kama thelathini na tatu. Alikaa na karatasi na kikokotoo mpaka daku, kisha tukahakiki kwenye majedwali ya tarehe. Kimbunga kilipiga mwezi wa Safar, yaani Mfunguo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, mwaka 1289. Ramadhani ya mwaka ule ikaandama mwanzoni mwa Novemba 1872.

Novemba ni vuli, na vuli nayo ina karafuu zake. Miezi saba baada ya kimbunga, Unguja mikarafuu imekwisha, bei iko juu, kila mwenye shamba Pemba anataka kila kikonyo kishuke mtini kabla hakijafumbua ua, na watu wamefunga. Watu wako juu ya miti mirefu, jua kali, midomo mikavu, na chini yupo msimamizi anayehesabu mapakacha. Hii nilikuwa sinayo hata kidogo. Sura ya nne nilikuwa nimeipanga iwe ya safari ya Chake Chake, na sasa inasubiri. Sura ya nne itakuwa Ramadhani.

Tangu usiku ule tumeanzisha daftari la kalenda, mimi na yeye. Ukurasa una safu tatu. Ya kwanza Miladi, kwa sababu barua za mabalozi na mikataba zimeandikwa hivyo. Ya pili Hijria, kwa sababu watu wenyewe waliishi hivyo: Idd, maulidi, eda, deni linalolipwa mwezi ukiandama. Ya tatu ni mwaka wa Nairuzi, ule wa wakulima na mabaharia, wenye siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa Nairuzi ndiyo watu walijua lini upepo wa kusi unaingia, lini vyombo vifunge safari, lini mbegu iingie ardhini. Mwaka huo hauongezwi siku kila baada ya miaka minne, kwa hiyo unarudi nyuma taratibu ukilinganishwa na Miladi. Siku ya Mwaka ambayo sasa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaisherehekea Julai, zama za Faida ilikuwa ikiangukia Agosti. Mwandishi akimpa mhusika wa 1872 Siku ya Mwaka ya Julai, mkulima yeyote wa zama zile angelishangaa.

Mwanangu ndiye mwenye kalamu nyekundu. Amekataza mtu yeyote kuandika kwenye daftari bila kuhakikiwa naye, na mimi nimekubali.

Mfunguo Mosi

Idd imepita salama. Kofia ilimalizika, mwenyewe akaivaa msikitini, na mama mkwe akaitazama kwa nyuma akasema ni nzuri.

Masika yameshika. Umeme unakatika, njia ya kwenda bandarini inageuka mto, watoto wako ndani. Huu ni msimu wa kusoma na kuandika kidogo kidogo. Sura ya nne imeanza vizuri. Nimeiandika mwanzo wake usiku, mvua ikipiga mabati, na ilinibidi nijikumbushe kila mara kwamba kule kwenye sura ni vuli na watu wana kiu.

Kitu kimoja nimekiamua na sitaki kukibadilisha: sitaki bwana wa shamba awe shetani wala awe baba mwema. Anaswali, anafunga, anafuturisha majirani, na anamiliki watu. Yote hayo ni yeye mmoja, na msomaji ayaone kwa pamoja kwenye meza moja ya futari. Nimeona hadithi nyingi za visiwani zinapita hapa kwa haraka, ama kwa kulaani tu, ama kwa kusema utumwa wa kwetu ulikuwa mpole. Faida haoni upole wowote katika kutokuwa na ruhusa ya kwenda kumtafuta mama yake.

Mfunguo Pili

Mitihani, na kitinda mimba ameugua homa. Sikuandika kitu. Usiku nilikaa naye, nikapunguza mrehani asubuhi alipolala. Amepona, alhamdulillahi.

Mfunguo Tatu

Likizo ya skuli. Tulipanda meli Mkoani, mimi na mkubwa, tukafikia kwa wifi yangu mjini Unguja. Shabaha ilikuwa Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, ambako yamehifadhiwa majalada ya ubalozi wa Uingereza ya karne ya 19. Niliyotaka ni ya 1872 na 1873, zama ambazo John Kirk alikuwa akishikilia ubalozi, na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipokuja Januari 1873 kumshawishi Barghash akubali mkataba. Barghash alikataa mara ile. Alikuja kutia saini Juni, baada ya kutishiwa kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari.

Barua nilizozisoma zinajali sana miti, vyombo vilivyozama na hesabu za biashara. Zinanisaidia. Lakini mwanamke akiingia humo anaingia kama idadi. Hakuna hata moja iliyonieleza kilichopikwa usiku ule kuni zikiwa zimelowa zote na paa la makuti limechukuliwa na upepo. Hilo nimelipata jikoni kwa wifi yangu, kwa bibi mmoja jirani ambaye mamake alimsimulia namna ya kuwasha moto siku za mvua kubwa: vifuu vya nazi vilivyohifadhiwa chini ya kitanda, na makumbi yaliyochambuliwa mpaka yakawa kama pamba. Nimeandika yote. Mkubwa alikuwa anasoma tarehe, mimi nasoma maneno, tukabadilishana.

Tuliporudi Wete baba mkwe akafungua kasha lake akanitolea kitu ambacho miaka yote hajapata kunionesha: waraka wa kuuziana shamba wa mababu zake, khati ya Kiarabu, karatasi imepasuka kwenye makunjo. Wa mwaka 1311 Hijria, yaani 1893 au 1894, zama za kuanza himaya ya Waingereza. Ni baada ya riwaya yangu, lakini namna ya kuandika ndiyo niliyoitaka. Alinisomea pole pole, kidole kikifuata mstari. Shamba halielezwi kwa ukubwa. Linaelezwa kwa pande zake nne: kibla (kaskazini), suheli (kusini), matlai (mashariki) na magharibi, na kila upande unatajwa jirani au njia au mti. Halafu inahesabiwa mikarafuu, kisha minazi. Ardhi yenyewe haina hata tarakimu moja.

Nilimwomba asome tena sehemu ya pande nne. Faida hajui kusoma, lakini angelijua shamba kwa njia hii hii: upande wa suheli kuna kisima cha fulani, upande wa matlai mwembe mkubwa. Maelezo yangu yote ya mahali katika sura ya tatu na ya nne nayaandika upya kwa utaratibu huo. Simwambii msomaji shamba lina ekari ngapi. Namwambia ukisimama katikati unaona nini kila upande.

Baba mkwe ameruhusu waraka upigwe picha kwa ajili ya kusoma tu, si kwa kuonesha watu. Umerudi kashani.

Mfunguo Nne

Karafuu zimeanza. Shamba letu si kubwa, lakini liko, na wiki hizi hakuna mtu nyumbani ambaye hana kazi. Wanaume na vijana wanapanda, sisi wanawake matawi ya chini kwa ngoe, watoto wanaokota zilizodondoka. Tawi la mkarafuu ni la kuvunjika ghafla, halitoi ilani, na kila mwaka mtu fulani kisiwani anaanguka. Mume wangu anachukua likizo bandarini msimu huu, na mimi sipumui vizuri mpaka ashuke.

Usiku ni kuchambua. Tunakaa ukumbini tumezunguka jamvi, lundo katikati, kila mtu na lake. Unakamata kishada, unakikandamiza kwenye kiganja, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande ule. Mpeta, yaani karafuu zilizopevuka kupita kiasi, unaweka mbali, maana ukichanganyika unashusha daraja. Baada ya saa moja vidole vinakuwa vyeusi kahawia, vinanata, na harufu inaingia mpaka kwenye macho. Mikono hii haigusi bafta nyeupe wala karatasi. Kofia ya mume wangu, niliyoianza Mfunguo Pili, imekunjwa ndani ya mto wa kitanda, na daftari liko juu ya kabati.

Riwaya haikusimama. Nimeweka simu katikati ya jamvi, kwa idhini ya wote, inarekodi. Nimewauliza mama mkwe na mashangazi wa mume wangu maswali ya sura ya nne, moja moja, bila haraka. Mtu akiwa juu ya mti na funga anafanyaje akisikia kizunguzungu? Anajifunga nguo kiunoni na kwenye shina. Anaita nani? Haiti jina, anapiga ukemi, na wa mti wa pili anajibu, ili wa chini wajue wote wako. Wakati wa magharibi ukiingia nao wako shambani, wanafungua kwa nini? Kwa tende kama zipo, kwa maji ya dafu, kwa muhogo mbichi. Shangazi mmoja akasema bibi yake alikuwa akitafuna kikonyo cha karafuu mchana wa vuli ili asahau njaa, na mwingine akamjibu hapo hapo kwamba huko ni kufungua. Wakabishana mpaka lundo likaisha. Ubishi ule wote unaingia kwenye sura, kwa wanawake wawili wa 1872, karibu neno kwa neno.

Mama mkwe alinisahihishia jambo moja la kazi. Nilikuwa nimeandika karafuu zinaanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni. Akaniambia, "Mwanangu, jioni na kila wingu." Mvua ikizinyea zinaharibika rangi, na mtoto anayelinda majamvi haruhusiwi kucheza mbali. Kwa hiyo nimempa Faida mtoto mdogo wa kulinda majamvi naye, mwenye kuangalia mbingu siku nzima. Mtoto huyo anakua kwa kasi kwenye kitabu, na nadhani atafika mpaka mwisho.

Mfunguo Tano

Bado karafuu. Makonyo yamekwenda kuuzwa kwa ajili ya kiwanda cha Wawi kinachokamua mafuta. Rekodi zimejaa, mkubwa anazinakili usiku mmoja mmoja kwa malipo ya vocha. Anaandika lafudhi kama ilivyo, sijamwambia, na sitamwambia aache.

Mwezi huu, kwa Hijria, ndio mwezi wa kimbunga. Nilimwomba baba mkwe usiku mmoja tuwasomee khitma waliokufa siku ile, wenye majina na wasio na majina, mabwana na watumwa. Alikubali bila kuuliza. Watoto walikuwepo.

Mfunguo Sita

Karafuu zimekauka, zimepimwa, zimeuzwa. Mikono imesafika. Maulidi yalisomwa mtaani, nikafunga vikuba vya asumini na mrehani kwa wageni wa kike, na kofia ya mume wangu bado haijamalizika, kwa hiyo alivaa ya zamani.

Hali ya kitabu: sehemu ya kwanza imesafishwa, sura ya nne iko kamili kwenye kompyuta pamoja na ubishi wa kikonyo, sura ya tatu imeshageuzwa kwa pande nne za shamba. Safari ya Chake Chake imehamia sura ya tano. Sura ya sita itakuwa ya Mfunguo Saba 1290, yaani Juni 1873, habari za mkataba zinapofika Pemba kwa chombo. Nataka zifike kwa maneno ya watu: nahodha ana lake, bwana wa shamba ana lake, na watumwa wanalipata la tatu, la kunong'onezwa. Kipindi hicho ni katikati ya kusi, kwa hiyo chombo kutoka Unguja kinakuja na upepo kwa nyuma na habari zinafika haraka. Mkubwa ameshaweka alama nyekundu kwenye daftari.

Kabla ya vuli nahitaji kujua zaidi juu ya vyombo vidogo vilivyokuwa vikivuka mkondo kati ya Unguja na Pemba, namna vilivyopakiwa na watu wangapi wa kuvisukuma. Mume wangu anamjua mzee mmoja pale bandarini aliyekuwa baharia wa mashua tangu utotoni. Tumeshaomba ruhusa ya kumtembelea, naye amesema twende Alkhamisi baada ya alasiri, tuchukue na watoto.